Adhabu Ikizidi Kiasi: Jaji wa Rufani Hutazama Nini?

Ndugu msikilizaji, nje ya mahakama zetu hakuna neno linalotamkwa kwa wepesi kama neno "tutakata rufani". Hakimu amekwisha kusoma hukumu, kijana amepewa miaka saba, karandinga linanguruma uani, mama yake amekaa chini ya mwembe analia, na papo hapo anatokea mjomba au jirani anayejifanya mjuzi wa sheria. "Nyamaza dada," anasema, "huko juu miaka itapungua tu." Utadhani Mahakama Kuu ni duka la pili, ambako bei ikikushinda katika duka la kwanza unakwenda kujaribu bahati yako.

Miaka inaweza kupungua, ndiyo. Inaweza pia kubaki vile vile, na jambo ambalo mjomba halisemi, pengine kwa kutolijua, ni kwamba inaweza hata kuongezeka. Leo nataka tuzungumze juu ya kile hasa anachokitazama jaji wa rufani anapoletewa malalamiko kwamba kifungo ni kikubwa mno. Ni jambo linalogusa nyumba nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, na wengi huingia katika safari hiyo gizani.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kuna kutiwa hatiani, na kuna adhabu. Mtu anaweza kusema, "Mimi sikuiba, hakimu amekosea." Hiyo ni rufani ya kupinga kutiwa hatiani, na hapo jaji atapekua ushahidi wote upya, neno kwa neno. Mwingine anaweza kusema, "Naam, niliiba, lakini miaka saba kwa baiskeli moja ni mingi." Hiyo ni rufani ya adhabu peke yake. Mtu aliyekiri kosa kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sheria ya Tanzania, mlango wa kwanza umefungwa kwake, isipokuwa kama ataonyesha kwamba kule kukiri hakukuwa kukiri kwa kweli, tuseme alisomewa shtaka kwa lugha asiyoielewa. Lakini mlango wa pili unabaki wazi. Anaweza kulalamika kwamba adhabu imezidi, au kwamba haikufuata sheria.

Sasa basi, huyo anayelalamika kuhusu adhabu peke yake hudhani kwamba jaji ataanza upya. Atakaa, atakuna kichwa, atajiuliza: je, mimi ningempa mingapi? Kama ni mitatu, basi atafuta saba na kuandika mitatu. Sivyo hata kidogo.

Kanuni ya jambo hili katika nchi zetu ni ya zamani. Mwaka 1954, wakati Kenya, Uganda na Tanganyika bado zikiwa chini ya Waingereza, iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliiweka kwa maneno ambayo mawakili na majaji wanayanukuu mpaka leo. Ilisema, kwa ufupi, kwamba haitabadili adhabu kwa sababu tu majaji wake, kama wangalikuwa ndio walioendesha kesi, wangalitoa adhabu tofauti kidogo. Itaingilia pale ambapo ni dhahiri kwamba aliyetoa adhabu alifuata kanuni potofu, au aliliacha jambo la maana ambalo alipaswa kulitazama. Mambo hayo mawili ilikwisha kuyasema kabla ya hapo. Mwaka huo wa 1954 ikaongeza la tatu: itaingilia pia pale ambapo adhabu, kwa kuzitazama hali zote za kesi, ni kubwa kupita kiasi kwa namna inayoonekana waziwazi.

Mahakama ile ilizikwa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mwaka 1977. Tanzania ikaunda Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979, na Kenya na Uganda nazo zikawa na zao. Lakini kanuni haikuzikwa. Fungua hukumu ya rufani ya Dar es Salaam, ya Mwanza, ya Nyeri au ya Kampala, utayakuta maneno yale yale yamevaa koti jipya.

Liangalie vizuri neno "waziwazi". Ndilo lenye uzito wote. Kama hakimu ametoa miaka minne na jaji moyoni mwake anaona mitatu na nusu ingetosha, jaji huyo ataiacha minne. Tofauti ya aina hiyo sheria inaiita tofauti ya watu wawili wenye akili timamu. Lakini kama hakimu ametoa miaka minne mahali ambapo mahakama zote zimezoea kutoa miezi sita, na hakuna lolote ndani ya kesi linaloeleza ukali huo, hapo jaji atashtuka, na sheria inampa ruhusa ya kushtuka.

Msikilizaji anaweza kuuliza, kwa nini basi jaji mwenye elimu zaidi na cheo kikubwa zaidi ajizuie namna hiyo? Swali zuri. Jibu la kwanza ni kwamba hakimu ndiye aliyewaona watu. Alimwona mshtakiwa akijitetea, kama alijuta au alicheka. Alimwona aliyepigwa panga akionyesha mkono wake. Jaji wa rufani ana makaratasi tu, na karatasi haitoi machozi. Jibu la pili ni la utaratibu wa kazi: kama kila adhabu ingekuwa ya kujadiliwa upya kwa sababu ya tofauti ya miezi mitatu, kila mfungwa angekata rufani, na yule ambaye kweli ameonewa angepotea katikati ya lundo la majalada.

Lipo na jibu la tatu ambalo watu hulisahau: kujizuia huko kunawalinda pia wale waliohurumiwa. Hapa naomba tupige mbizi kidogo mpaka Marekani, kwa sababu kuna kesi moja inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yangu. Wenzetu wale, katika mahakama zao za shirikisho, wana jedwali la kukokotoa vifungo. Unaingiza uzito wa kosa na historia ya mkosaji, jedwali linakupa miezi. Hadi mwaka 2005 jedwali hilo lilikuwa amri. Mwaka huo Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile ikasema kuanzia sasa ni mwongozo tu, na mahakama za rufani zitakachoangalia ni kama adhabu iliyotolewa ni ya kiasi chenye busara.

Basi akatokea kijana mmoja ambaye, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Iowa, aliingia katika kikundi cha kuuza dawa za kulevya. Baada ya miezi michache akaacha mwenyewe, bila kukamatwa na bila kusukumwa na mtu. Akamaliza masomo, akafanya kazi ya ujenzi, akawa raia mwema. Miaka ilipita ndipo serikali ikamfikia. Jedwali lilisema miezi 30 hadi 37 jela. Jaji aliyemsikiliza akampa miezi 36 ya kuwa chini ya uangalizi, nje ya jela. Waendesha mashtaka wakakata rufani, na mahakama ya rufani ikakubaliana nao kwamba huruma ile imepita mipaka. Lakini tarehe 10 Desemba 2007 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, ikairudisha adhabu ya jaji wa kwanza. Ilisema mahakama ya rufani haina ruhusa ya kuifuta adhabu kwa sababu tu yenyewe ingetoa nyingine. Inapaswa kuuliza kama jaji aliyatumia vibaya mamlaka yake. Ni kanuni yetu ile ile ya mwaka 1954, imepita njia nyingine ikafika kijiji kile kile. Na safari hii aliyenufaika nayo ni mkosaji.

Turudi nyumbani, kwenye mambo ambayo yakionekana katika jalada jaji huinua kalamu.

Kufuata kanuni potofu maana yake nini? Tuchukue hakimu anayesema, katika kutoa adhabu, kwamba mshtakiwa amepoteza muda wa mahakama kwa kukataa kosa na kuleta mashahidi, kwa hiyo atamwongezea mwaka. Hilo ni kosa. Kukana shtaka ni haki ya mtu, na haki haitozwi faini. Anayekiri mapema anaweza kupunguziwa, kwa kuwa ameonyesha kujuta na ameokoa muda wa mashahidi, lakini anayekana haongezewi kwa kukana kwake. Au tuchukue hakimu anayesema kwamba wezi wamezidi mtaani, kwa hiyo huyu nitampa adhabu ya juu kabisa iliyomo katika sheria iwe fundisho. Kutazama hali ya uhalifu katika eneo kunaruhusiwa. Lakini ile adhabu ya juu kabisa huwekwa kwa ajili ya mkosaji mbaya kabisa wa kosa lile, na aghalabu mtu wa kosa la kwanza hastahili kubebeshwa.

Halafu kuna kuliacha jambo la maana. Hapa ndipo rufani nyingi za adhabu hushinda, na hapa ndipo wafungwa wengi hawajui la kusema. Je, mkosaji alikuwa na kosa la nyuma? Alikuwa na umri gani? Alikiri? Ni mgonjwa? Alichokozwa? Na zaidi ya yote, alikaa mahabusu muda gani kabla ya hukumu? Jambo hili la mwisho ni zito sana kwetu, ambako si ajabu kumkuta mtu amekaa rumande miaka mitatu au minne akisubiri kesi ya mauaji isikilizwe. Kenya sheria yao ya mwenendo wa jinai inaamuru kabisa kwamba muda huo uhesabiwe. Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo imesema mara nyingi kwamba kukaa mahabusu muda mrefu ni jambo la kuzingatiwa katika kupima adhabu. Kama hukumu haikuligusa hata kwa sentensi moja, jaji anayo sababu ya kuifungua adhabu ile na kuipima upya.

Ndiyo maana nasema yale maombi ambayo mshtakiwa huombwa kuyatoa kabla ya adhabu si maneno ya kupita. Hakimu akiuliza, "Una la kusema kabla sijatoa adhabu?", wengi hujibu, "Naomba mahakama inionee huruma, nina familia inanitegemea." Basi. Nani hana familia? Mtu huyo huyo pengine alirudisha mali aliyoiba, pengine alijipeleka polisi mwenyewe, pengine ana kifua kikuu, pengine amekwisha kukaa ndani miezi ishirini. Hayo hakuyasema, hayakuandikwa, na kisichoandikwa jaji wa rufani atakipata wapi?

Tukija kwenye adhabu iliyo kubwa kupita kiasi kwa waziwazi, mtu atauliza kiasi chenyewe hupimwaje. Mfano mzuri ni kosa la kuua bila kukusudia. Sheria inaweka kifungo cha maisha kuwa mwisho wa juu, lakini mwisho wa chini haikuweka. Kwa hiyo kosa hilo hilo moja linamhusu mtu aliyempiga mwenzake ngumi moja kilabuni, akaanguka na kugonga kichwa kwenye ngazi, na pia linamhusu yule aliyempiga mkewe kwa mchi usiku kucha mpaka akafa. Majaji wana uwanja wote huo, tangu kumwachia mtu kwa masharti hadi kifungo cha maisha. Jaji wa rufani anapoletewa kesi ya namna hiyo hutazama silaha iliyotumika, mahali mwilini palipopigwa, nani alianza ugomvi, na mkosaji alifanya nini baada ya tukio, alikimbia au alimbeba majeruhi kumpeleka zahanati. Kisha hutazama mahakama nyingine zimetoa nini kwa visa vinavyofanana. Kama aliyepiga ngumi moja amepewa miaka ishirini, hakuna haja ya miwani kuona kwamba kuna jambo limekwenda upande.

Kenya walitoa mwongozo wa kitaifa wa utoaji adhabu mwaka 2016, wakaurekebisha mwaka 2023, kusudi majaji na mahakimu wapime kwa pishi moja. Binafsi naona ni jambo jema. Sipendi jedwali la Wamarekani la kuhesabu watu kama magunia ya korosho, lakini pia si haki kwamba mtu wa wilaya hii afungwe miaka mitano na mwenzake wa wilaya ya pili, kwa kosa lile lile na hali zile zile, afungwe miezi sita, kwa sababu tu ya tabia ya hakimu waliyemkuta.

Lipo pia suala la makosa mengi kwa mpigo mmoja. Mtu amevunja nyumba, ameiba redio, na katika kukimbia amemjeruhi mlinzi. Hayo ni makosa matatu, na kila moja lina adhabu yake. Je, vifungo viende pamoja au vifuatane? Kwa kawaida, makosa yaliyotendwa katika tukio moja, vifungo vyake huenda pamoja, na mtu hutumikia kile kirefu kuliko vyote. Hakimu akiamuru vifuatane bila kueleza sababu, mitatu na minne na mitano inageuka kuwa kumi na miwili. Kwa hiyo ndugu wa mfungwa, mkipata nakala ya hukumu msikimbilie kusoma idadi ya miaka peke yake. Tafuteni pia maneno "kwa pamoja" au "kwa kufuatana", maana hapo mnaweza kukuta miaka mingi imejificha.

Sasa nije kwenye lile ambalo mjomba wa chini ya mwembe hakulisema. Kisu cha rufani kina makali pande mbili. Sheria za Tanzania na Kenya zote zinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kupunguza adhabu na pia wa kuiongeza. Upande wa mashtaka nao unaweza kukata rufani kudai kwamba adhabu ilikuwa ndogo. Na hata wasipokata, mfungwa aliyejipeleka mwenyewe anaweza kurudi gerezani na zigo zito zaidi ya lile alilokwenda nalo. Mahakama za Kenya zimesisitiza kwamba haki inataka mrufani aonywe mapema kuwa adhabu yake inaweza kuongezwa, ili achague kuendelea au kuiondoa rufani yake. Onyo hilo likitolewa, ndugu yangu, lisikilize. Halitolewi kwa kutisha watoto.

Na kuna adhabu ambazo jaji hawezi kuzipunguza hata akitaka. Hapa tunafika kwenye mwamba. Yote niliyoyasema hadi sasa yanahusu kesi ambazo sheria imemwachia hakimu nafasi ya kupima. Lakini yapo makosa ambayo Bunge limesema: si chini ya hapa. Tanganyika ilipitisha sheria ya kima cha chini cha adhabu mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Ilihusu makosa kama wizi wa mifugo, wizi wa watumishi wa umma na rushwa; kifungo kisichopungua miaka miwili, na viboko ishirini na vinne juu yake, kumi na viwili siku ya kuingia gerezani na kumi na viwili siku ya kutoka. Wazee wanaikumbuka vizuri. Mwaka 1972 ikaja sheria nyingine mahali pake. Mwaka 1989 unyang'anyi wa kutumia silaha ukapandishwa hadi miaka 30, na mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana ikaweka miaka 30 kuwa kima cha chini kwa kosa la kubaka.

Mfungwa wa miaka 30 akiandika katika sababu zake za rufani kwamba adhabu ni kubwa mno, jaji atamjibu kwa sentensi moja: hiyo ndiyo sheria. Hawezi kuuliza kama alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, kama bunduki ilikuwa ya kweli au ni kipande cha bomba, kama kilichoporwa ni simu moja au mamilioni ya benki. Zaidi ya hapo, kama hakimu kwa huruma zake alitoa miaka 15, jaji akiliona hilo hana budi kuipandisha ifike 30, kwa maana adhabu iliyo chini ya sheria si adhabu halali.

Maoni juu ya jambo hili yamegawanyika, na sishangai. Mama aliyebakiwa mtoto hataki kusikia habari za kupima. Mimi mwenyewe nimekaa na wazazi wa namna hiyo na sikuwa na neno la kuwaambia. Lakini huwezi pia kukataa kwamba sheria inayowatia watu wote katika kiatu cha saizi moja kuna siku itamvunja mtu mguu.

Kenya wamelipigania jambo hili mpaka kileleni. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kwamba hukumu ya kifo kuwa ya lazima kwa kila kosa la mauaji ni kinyume cha katiba, kwa sababu inamnyima jaji nafasi ya kumsikiliza mkosaji juu ya adhabu. Wafungwa wa makosa mengine wakasema, kama ni hivyo, na sisi je? Maombi yakamiminika, wengine wakapunguziwa. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ile ile ikatoa maelekezo kwamba uamuzi wa 2017 ulihusu mauaji peke yake. Mvutano haukuisha. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ikampunguzia mtu mmoja kifungo cha kumnajisi mtoto, kutoka miaka 20 iliyowekwa na sheria hadi 15. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile 20. Ilisema kima cha chini kimewekwa na Bunge, na kwamba Mahakama ya Rufani, katika rufani ya pili, haikuwa na mamlaka ya kugusa ukubwa wa adhabu.

Kabla sijafika kwenye hiyo rufani ya pili, niseme kwamba hata pale kwenye mwamba wa kima cha chini kuna ufa mmoja, nao ni uhalali. Sheria ya Tanzania inasema mvulana wa miaka 18 au chini yake, aliyetenda kosa la kubaka kwa mara ya kwanza, hapewi miaka 30. Adhabu yake ni viboko tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Hata hivyo wamekuwapo vijana waliofungwa miaka 30 kwa sababu hakuna aliyeuliza umri wao, au uliulizwa na ukaandikwa bila kuangaliwa, mpaka majaji wa rufani walipoliona jambo hilo katika jalada wakaamuru waachiliwe. Hali kadhalika hakimu anaweza kutoa kifungo kinachozidi uwezo wake. Mahakama ya mwanzo, kwa kawaida, haivuki miezi kumi na miwili. Malalamiko ya namna hii hayahusu ukubwa wa adhabu. Yanasema adhabu si halali, na hayo yanasikilizwa hata huko juu kabisa.

Sasa rufani ya pili. Naomba hapa kila mwenye ndugu gerezani atege sikio. Kesi ikianzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, rufani ya kwanza inakwenda Mahakama Kuu, na ya pili Mahakama ya Rufani. Tanzania na Kenya zote mbili, katika rufani hiyo ya pili ni mambo ya sheria tu yanayosikilizwa, na ukubwa wa adhabu umetolewa humo kwa maneno yaliyo wazi. Maana yake ni kwamba Mahakama Kuu ndiyo nafasi ya kwanza na ya mwisho ya kusema kifungo kimezidi. Wako wafungwa ambao huko hueleza habari za mashahidi tu, kwamba huyu alisema uongo na yule alikuwa mlevi, wakaliacha suala la adhabu kama akiba ya safari ya pili. Wakifika Mahakama ya Rufani wanakuta mlango huo haupo. Mtu anaweza kabisa kusema mambo mawili katika rufani moja: kwanza sikutenda, na pili, ikiwa mtaona nilitenda, adhabu ni kubwa kwa sababu hizi na hizi. Kusema la pili hakubatilishi la kwanza.

Siku nazo zinahesabiwa. Tanzania, kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufani hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufani yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda mahakama ya wilaya ni siku 30. Kenya, kwenda Mahakama Kuu, ni siku 14. Aliye gerezani hahitaji kutoka wala kuwa na wakili ili kuanza. Hukabidhi karatasi zake kwa mkuu wa gereza, naye ndiye anayezipeleka mahakamani. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima aeleze kilichomchelewesha. Kama ni nakala ya hukumu iliyokawia, ataje tarehe aliyoiomba na tarehe aliyoipata, na barua zote za kuomba nakala hiyo azitunze.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutaangalia dhamana ya mtu ambaye rufani yake inasubiri kusikilizwa.